Chumvi na Maji Matamu

Mwezi uliopita nilikuwa dukani Mombasa, nangojea kupimiwa mchele, mchukuzi akaangusha gunia la chumvi ya mawe karibu na miguu yangu. Gunia likapasuka kwenye mshono. Watu husema chumvi haina harufu, lakini hao ni watu ambao hawajapata kulala jirani nayo. Iliponifikia, nilishika meza ya mwenye duka kama mtu aliyeingiwa na kizunguzungu.

"Kulikoni, mama?" akaniuliza.

Nikamwambia ni jua. Ningemwambia nini kingine? Kwamba nimemwona baba yangu, aliyekwisha kuzikwa zamani, akirudi jioni kwa hatua za mtu anayekanyaga makaa, nyayo zake zimefungwa vipande vya mpira wa tyubu? Nilichukua mchele wangu nikaenda zangu, na tangu siku hiyo mambo ya Marereni hayajaniacha. Nimeona heri niyaseme. Nyinyi wa rika langu mliolelewa na ndoo kichwani mtanielewa upesi.

Marereni iko kaskazini ya Malindi, na sisi tulikaa huko katika mstari wa vyumba vya wafanyakazi wa chumvi. Kuta zilikuwa za udongo, zimepakwa chokaa upande wa mbele tu, ule unaoonekana kutoka barabarani. Baba alikuja pale kutoka kwao Ganze ukame ulipomaliza mahindi na mbuzi kwa pamoja. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yasiyo na kina, jua linayanywa kidogo kidogo, na chumvi inabaki chini imeshika kama ukoko wa wali. Baba na wenzake walikuwa wakiukwangua ukoko ule kwa reki na kuusukuma kwa toroli hadi kwenye marundo. Walifanya hivyo miguu ikiwa ndani ya maji yale makali, toka asubuhi hadi jua lilegee.

Maji yale yanakula ngozi. Nyayo za Baba zilikuwa na nyufa ambazo ningeweza kuingiza ncha ya kidole changu. Jioni Mama alimkalisha kwenye kigoda, akapasha moto mafuta ya nazi na kumpaka ufa mmoja baada ya mwingine.

"Taratibu, Mama Sidi," Baba alikuwa akisema. "Hiyo ni miguu, si chapati."

Sidi ni mimi. Nilikuwa na umri wa kumbeba mtoto mgongoni lakini si wa kupewa kisu. Nilikaa pembeni nikimbembeleza mdogo wangu, Charo, ambaye alikuwa bado ananyonya, na huku masikio yangu yakisikiliza mazungumzo ya watu wazima. Walikuwa wakisema, "Chumvi imemla fulani," na, "Fulani asipoondoka, chumvi itammaliza." Nami niliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Niliamini chumvi ina meno. Ushahidi nilikuwa nao. Pembeni ya mabwawa hapakuota hata unyasi. Niliwahi kumwona chura aliyepotea njia akatumbukia humo, na kesho yake alikuwa mkavu, mweupe, mgumu kama kifungo cha koti. Kama ungeniuliza, basi ile tunayoila katika mchuzi je, ningekujibu bila kusita kwamba hiyo Mama amekwisha kuiua kwa moto.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na ua wa mabati, na ndani yake nyumba ya msimamizi. Juu ya ua ule lilijitokeza tangi lililoinuliwa kwa miguu ya chuma. Tangi hilo lilikuwa la maji matamu, maji ya kunywa yasiyo na chumvi. Mchana wa joto mimi na rafiki yangu Kadzo, binti wa nyumba ya pili, tulikuwa tukienda kubandika masikio kwenye mabati, tukasikia maji yakimwagiwa maua. Hatukuwa na wivu, nikumbukavyo. Tuliona ni jambo la kawaida kama vile mwezi kuwa juu: maua ya wale yananywa kila siku, sisi tunangoja lori.

Lori la maji lilikuwa letu. Lilikuja na tangi lake mgongoni, wanawake wakapanga ndoo na madebe, kukawa na ugomvi na vicheko. Kisha msimu mmoja wa kiangazi likaacha kuja. Wengine walisema limeharibika injini, wengine walisema maji yanauzwa kwingine. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba Mama alianza kwenda na wenzake kwenye silanga, bwawa la mvua lililokuwa likikauka, mahali ng'ombe walipoingia hadi magotini na kunywa. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mama aliyachuja kwa kitambaa. Kuyachemsha yote kulihitaji kuni, na kuni pale zilikuwa taabu kupatikana kuliko chumvi, maana ile nchi ilikuwa imekatwa miti yake yote.

Ugonjwa ulianzia vyumba vya mwisho, ukaja ukifuata milango. Watu waliendesha na kutapika, wakubwa kwa wadogo, lakini wadogo ndio waliolala chini mara moja. Zahanati ilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu, na waliokwenda walirudi wakisema dawa zimekwisha. Hospitali ilikuwa Malindi, nauli ilikuwa mfukoni mwa watu wengine.

Mama Kadzo, jirani yetu, alikuwa na kitoto cha kiume, Kahindi, kinachotofautiana na Charo wetu kwa mwezi mmoja hivi. Walikuwa wakilazwa kwenye mkeka mmoja, mama zao wakipokezana kuwaangalia. Kahindi akaugua. Asubuhi moja nilimwona Bi Zuhura akiingia kwao. Huyu alikuwa mke wa dereva wa lori la chumvi, mwanamke wa visiwa vya kaskazini, Kiswahili chake kimejaa kama kikombe cha mgeni, na kila mtu kwake alikuwa "mwanangu". Mtoto wake aliwahi kulazwa Malindi, na humo wodini wauguzi waliwafundisha akina mama kutengeneza kinywaji cha kumpa mtoto anayehara. Tangu hapo alikuwa akiingia nyumba hadi nyumba na kijikaratasi chake cha sukari.

Nilichungulia mlangoni. Nikaona sufuria. Nikaona sukari ikimiminwa, kisha nikaona vidole vya Bi Zuhura vikibana chumvi na kuinyunyiza humo. Akachota kijiko akakipeleka kinywani mwa Kahindi. Kahindi hakumeza, maji yalitoka pembe za midomo yakaingia shingoni. Bi Zuhura akajaribu tena, na tena. Kabla ya adhuhuri nilisikia kilio cha Mama Kadzo kikipenya ukuta, ukuta ambao ulikuwa mwembamba hata tulikuwa tukisikia wakigeuka kitandani.

Kahindi alikuwa amecheleweshewa kinywaji, sasa naelewa. Lakini mtoto hajui habari ya kuchelewa. Anajua kilichotangulia na kilichofuata. Nilikuwa nimeona chumvi ikiingia, na roho ikitoka.

Siku chache baada ya mazishi, Charo naye akaanza. Mama mwenyewe tumbo lilikuwa limemshika, anatoka na kurudi akijishikilia ukutani. Wanawake wakamshauri, "Usimpe mtoto maji, ukimpa yatazidi kutoka." Walisema kwa huruma, ndivyo walivyofunzwa na mama zao. Mama akamnyima. Charo alikuwa akinyoosha mkono kuelekea mtungini, na Mama anageuza uso. Mwanzo alilia kwa nguvu. Kisha akalia bila machozi, uso mkavu kabisa. Kisha akaacha kulia, nami nikafurahi, nikadhani amepata nafuu. Nikamwambia Mama, "Amenyamaza." Mama alinitazama namna ambayo sikuipenda.

Hapo ndipo Bi Zuhura alipofika. Aliweka kijikaratasi chake juu ya kinu, akauliza habari, akamgusa Charo utosini mahali palipobonyea, akasema, "Nipe moto, nipe sufuria. Sidi, mwanangu, nitafutie chumvi kidogo tu."

Chumvi tulikuwa nayo ya kumwaga, ndani ya kifuu karibu na mafiga. Sikuigusa. Mama alikuwa ametoka tena uani. Bi Zuhura aliinama kupuliza moto, mgongo wake mpana kwangu. Nilimchukua Charo, nikamfunga mgongoni kwa leso kama nilivyozoea, nikatoka.

Nilikwenda kwa Baba. Katika akili yangu hapakuwa na mtu mwingine wa kwenda kwake. Baba alikuwa akipigana na chumvi kila siku na kurudi nyumbani hai, basi yeye ndiye angejua namna ya kumwokoa Charo nayo. Nilipita juu ya kingo za mabwawa, jua limesimama wima, weupe pande zote ukinichoma macho. Charo alikuwa mwepesi. Nilizoea kumsikia akichezea nywele zangu kisogoni, siku ile mikono yake ilining'inia tu.

Mbele yangu wanaume walionekana kama vijiti vyeusi, wote sawa. Sikuweza kumtambua wangu. Nikapaza sauti, "Baba!"

Wote waliinua vichwa. Kila mmoja wao alikuwa baba wa mtu.

Mmoja aliangusha reki akaja anakimbia ndani ya maji. "Sidi! Kuna nini? Mama yako yuko wapi?"

"Bi Zuhura anataka kumpa Charo chumvi. Kama Kahindi. Nimemtorosha."

Baba alimfungua mgongoni pangu, akamlaza mkononi, akaweka sikio kifuani kwake. Alipoinua uso, uso ule ulikuwa umebadilika. Lakini hakunipigia kelele. Mpaka leo hilo huniliza. Alichuchumaa mbele yangu, akapangusa jasho la paji la uso wake kwa kidole, akanigusa nacho mdomoni.

"Onja. Ni nini?"

"Chumvi."

"Imetoka wapi?"

"Kwako."

"Ndani yangu. Nawe unayo ndani yako, na Charo anayo. Alitueleza Bi Zuhura pale mazishini, wewe ulikuwa na watoto wenzako. Mtoto akihara, maji na chumvi vyote vinamtoka. Umeona Charo analia bila machozi?"

"Nimeona."

"Basi yamekwisha. Bi Zuhura anataka kumrudishia." Alisimama. "Twende, mama, twende. Shika shati langu."

Nyapara alipiga kelele kutoka kwenye marundo, "We Kazungu! Unakwenda wapi na kazi?" Baba hakugeuka. Alikimbia na Charo kifuani, mimi nyuma yake nikiwa nimeshika ncha ya shati, na ile mipira ya miguuni ikimfunguka na kubaki njiani. Nilikuwa sijapata kumwona Baba akikimbia. Nilidhani miguu ile haiwezi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni amekumbatia mwimo. Aliponiona aliteremka chini akakaa, kana kwamba kilichokuwa kimemsimamisha ni kututafuta kwa macho. Aliniita kwa mkono, nikaenda, akanishika kisogoni akakiegemeza kichwa changu begani kwake.

"Mleteni, mwanangu, mleteni upesi," Bi Zuhura akasema. Kisha akatazama ndani ya sufuria, akatikisa kichwa. "Kuni zimekwisha hazijachemsha. Na maji yenyewe haya ni ya kukogea ng'ombe. Nitampaje tena hicho kilichomtia ugonjwa? Baba Sidi, nataka maji matamu."

Baba alitazama ng'ambo ya barabara.

Ni lazima niseme kwamba baba yangu hakuwa mtu wa kuomba. Tuliwahi kulala na uji mtupu hali jirani anapika mbele yetu, naye akatuambia tuimbe. Lakini siku ile alichukua ndoo mkono mmoja, Charo mkono mwingine, akavuka barabara miguu mitupu. Nilimfuata kwa kuwa hakuna aliyenikataza.

Askari wa lango alikuwa mtu wa kwetu, akimjua vizuri. "Kazungu, rafiki yangu, usinitie matatani. Unajua amri ya hapa."

"Naijua. Tazama mtoto."

"Naona. Lakini…"

Mlango wa nyumba ulifunguka. Alitoka mke wa msimamizi, mikono yake imejaa unga hadi viwikoni, na nyuma yake kichwa cha mtoto wa kike wa umri wangu mwenye utepe kwenye nywele. "Kuna nini hapo?"

"Naomba maji, mama," Baba alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuijua. "Mtoto wangu anakwisha."

Mwanamke yule alikuja hadi langoni. Alimtazama Charo kwa muda. Kisha alimwambia askari afungue, akaenda mwenyewe kwenye bomba la tangi na mikono yake ya unga, akalizungusha. Maji yalitoka. Yalikuwa meupe, sina neno jingine, yakapiga kitako cha ndoo kwa sauti niliyokuwa nikiisikia siku zote kutoka upande wa pili wa mabati.

Ndoo ilipojaa, nilidhani tutakimbia. Baba alibaki amesimama.

"Na wale wengine, mama?"

"Wengine wepi?"

"Ng'ambo pale kila nyumba ina mgonjwa. Mmoja tumemzika juzi, alikuwa kama huyu."

Yule mwanamke alimtazama mtoto wake mwenye utepe, akamtazama askari, akaitazama barabara. "Bwana hayupo," akasema. "Mimi hapa sina amri ya kugawa maji."

"Ndiyo, mama."

Yule mwanamke akajipangusa unga kwenye nguo. "Jua hili linaniuma kichwa," akamwambia askari. "Naingia kulala. Nisiamshwe." Akamshika mwanawe mkono, wakaingia ndani. Bomba hakulifunga sana, na kuhusu lango hakusema lolote.

Askari alitazama upande wa bahari. "Hata mimi," alimwambia Baba, "macho yangu siku hizi hayaoni mbali."

Baba alipofika kwetu alipaza sauti mlango kwa mlango, na alasiri ile wanawake wa Marereni walivuka barabara na ndoo zao bila kelele, bila ugomvi wa foleni, wengine wakiwa na watoto migongoni.

Ndani, Bi Zuhura alichanganya maji, sukari, na chumvi ile ile niliyokataa kuigusa. Alikoroga, akaniita.

"Umelia leo, Sidi?"

"Ndiyo, Bi Zuhura."

"Basi unajua machozi yalivyo. Onja hiki. Kikizidi machozi kwa chumvi, niambie, nitakimwaga nianze upya. Wodini walitufundisha hivyo."

Nilionja. Nilikuwa naogopa, lakini nilionja, na haikuniuma. Kilikuwa kitamu kidogo, na nyuma ya utamu ule palikuwa na kilio. Nikasema, "Sawasawa." Akanitazama kama mtu mzima anayemtazama mtu mzima, akampa Mama kijiko.

Kijiko kimoja, kisha wanangoja. Kingine. Charo alitapika cha kwanza na cha pili, na Mama akataka kuacha. "Usiache," Bi Zuhura akasema, "atapike, mpe tena, taratibu, kama unavyomlisha ndege." Mama mwenyewe alikunywa kikombe chake kwa kulazimishwa. Baba alikaa chini, nyayo zake zikivuja damu kwenye sakafu ya udongo, na hakuna aliyekumbuka mafuta ya nazi. Mimi niliitwa nyumba ya tatu, kisha ya tano, kuonja. Watoto wengine walinifuata kuona kazi gani hii niliyopewa.

Jua lilipokuwa linaelekea kuzama nilirudi. Charo alikuwa amefumbua macho. Alimtazama Mama, akakunja uso, akalia. Kilikuwa kilio cha hasira, na shavuni pakateremka chozi. Moja, kisha lingine. Mama alilishika kwa kidole, akamwonyesha Baba kama mtu aliyeokota kito. Wakacheka, wote wawili, na Bi Zuhura akapiga kigelegele pale pale kwenye mafiga. Sijapata tena kuona watu wakifurahia kilio cha mtoto namna ile.

Lakini kupona kulikuja na shida yake. Maziwa ya Mama yalikuwa yamekauka kwa ule ugonjwa. Charo alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena. Maji ya sukari na chumvi humrudisha mtoto mlangoni, hayamkalishi nyumbani. Maziwa ya duka tungeyatoa wapi? Siku ya pili ya kilio kile, Mama Kadzo aliingia.

Tangu mazishi alikuwa hajatoka. Kadzo alikuwa ameniambia mama yake hukaa ameelekea ukuta. Aliingia bila hodi, akasimama katikati ya chumba chetu, na mimi nikaona leso yake imelowa kifuani, madoa mawili makubwa. Nilidhani amemwagikiwa maji, nikaenda kumletea kitambaa ajifute. Hakukipokea.

"Nipe," alimwambia Mama.

Mama alimtazama. Nilihisi kitu kinapita kati yao ambacho sikukijua jina, nikaogopa kwamba amekuja kumchukua Charo azibe pengo la Kahindi. Nilitaka kusema usimpe. Mama akampa.

Mama Kadzo alikaa mkekani, akafungua leso, akamweka Charo kifuani. Charo hakuuliza ni kifua cha nani. Alishika, akavuta, na chumba kizima kikasikia anameza. Mama Kadzo alifumba macho, machozi yakamtoka, akawa anasema, "Huyu si Kahindi."

"Najua, dada," Mama akajibu. Alikuwa amekaa nyuma yake, ameweka kiganja mgongoni kwake.

"Najua si yeye."

"Najua."

"Nyonya, baba. Nyonya tu."

Nilitoka nje. Kadzo alikuwa amekaa kizingitini, akichora ardhi kwa kijiti. Aliniuliza, "Sasa Charo ni ndugu yangu?" Nikafikiri, nikamjibu kwamba ni ndugu yetu. Akakubali, tukaenda kucheza. Mama Kadzo alikuja hivyo kila siku, asubuhi na jioni, mpaka Charo alipoanza kula ugali wa kutafunwa.

Msimamizi aliporudi alikuta nyayo za watu uani kwake, udongo umelowa hadi barabarani. Alifoka, lango likafungwa kwa kufuli, na askari akahamishiwa kulinda marundo. Baba aliambiwa ameacha kazi bila ruhusa, na mwisho wa mwezi, siku ya mshahara, hakuitwa jina; kazi ikawa imekwisha. Hata hivyo, kabla hatujaondoka, walikuja mafundi wakatoboa mabati na kutoa bomba moja nje ya ua, upande wetu. Nani alimlainisha yule bwana, hatukuambiwa. Mama anashikilia kwamba ni mkewe, na kwamba mwanamke aliyefungua maji kwa mikono ya unga hawezi kulala usingizi mzuri tena bomba likiwa limefungwa. Mimi sina hakika. Nakumbuka tu kwamba siku ya kuondoka, yule mtoto wa utepe alikuwa amesimama langoni akitutazama tukipakia godoro, nami nilimpungia mkono, naye akanipungia.

Tulihamia Malindi, tukapanga chumba katika mtaa wa Barani. Baba alipata kazi katika bustani ya hoteli moja ya ufuoni, kumwagilia majani kwa mpira toka asubuhi. Majani yale hayakuliwa na mbuzi wala mtu. Alikuwa akirudi jioni anamsimulia Mama wingi wa maji yale, bila kukasirika, kwa mshangao tu, kama mtu anayesimulia ndoto. Nyayo zake zilipona. Nyufa zilijifunga moja moja, na alipofariki, wazee waliomwosha walisema ana miguu laini kama ya sharifu.

Charo alikua akawa mrefu kutupita sote. Kisa hiki nilimsimulia mara nyingi, naye alikuwa akicheka, maana nani anayeamini kwamba aliwahi kuwa mwepesi kiasi kile. Alipopata kazi yake ya kwanza alinunua leso jozi mbili. Moja alimpa Mama. Ya pili akaikunja, akanitaka nimpeleke Marereni.

Tulimkuta Mama Kadzo bado yuko pale pale, mstari ule ule, ukuta sasa umepakwa chokaa pande zote. Alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchicha. Kadzo alikuwa ameolewa kwingine. Macho ya mama yake yalikuwa yameanza ukungu, mimi alinijua kwa sauti, lakini yule kijana mrefu aliyesimama nyuma yangu na kuziba mwanga hakumjua.

"Shikamoo, Mama," Charo akasema.

"Marahaba." Alimwinulia uso, akakaza macho. "Wewe ni mwana wa nani?"

Nilifungua kinywa nimjibie. Charo alikuwa amekwisha kuchuchumaa mbele yake, leso iko magotini.

"Wako," akasema.

Mama Kadzo alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye, muda mrefu. Mikono yake ikauacha mchicha. Akasogea kidogo pale mkekani, akampisha akae.